Ardhi Mpya ya Kwenye Gazeti

Mwezi wa pili wa mwaka 2007 Mwalimu Marsela Qamara alifiwa na mumewe, na hakulia.

Watu walilizungumza zaidi hilo la kutolia kuliko kifo chenyewe. Kifo kilieleweka. Edgar alikuwa dereva wa watalii. Alfajiri moja alipanda peke yake kwenda kuchukua wageni waliolala juu ya kreta, ukungu umeifunika barabara kama kawaida ya kule, na kwenye kona moja ya ukingoni gari likaacha njia. Hapakuwa na wa kulaumiwa. Lakini mke kusimama kaburini macho makavu, akishika mkono wa kila anayempa pole na kujibu "asante, nimeshapoa" kama mtu anayeita majina darasani, hilo halikueleweka. Walimzika kwao Rombo, ndani ya kihamba, shamba la ukoo, katikati ya migomba. Mama mkwe, Verediana, alisema kwa sauti ambayo hakujali kuipunguza, "Tumempa mtoto wetu huyu binti wa Kimbulu, naye hata chozi hana."

Marsela alisikia. Aliyasikia maneno yale vizuri, akayaelewa, yakapita. Ndivyo kilivyokuwa kila kitu tangu asubuhi ile mkuu wa shule alipomwita nje ya darasa. Mtu akichomwa sindano kabla ya kung'olewa jino, anasikia koleo linavyovuta, anasikia mfupa unavyokwaruza, anajua kabisa kinachoendelea kinywani mwake. Maumivu tu ndiyo hayapo. Yeye alijiona hivyo mwili mzima. Alisubiri dawa iishe nguvu. Wiki zikapita, haikuisha.

Alikuwa na miaka thelathini na mbili. Kwao ni Kansay, mtoto wa nne kati ya saba, baba yake mkulima wa mahindi na mbaazi mwenye ng'ombe wachache. Hesabu alizipenda tangu darasa la tatu, akazifuata mpaka chuo kikuu, akarudi Karatu kufundisha fizikia kwenye sekondari moja iliyoko juu kidogo ya barabara kuu. Na Edgar walikutana kwa sababu ya mwezi. Mgeni mmoja alimwuliza Edgar kwa nini mwezi mchanga wa huku unalala chali kama bakuli ilhali wa kwao Ulaya unasimama, naye dereva hakuwa na jibu. Jioni alipitia shuleni, akamwambia mlinzi wa getini, "Nipe mwalimu yeyote wa sayansi." Akapewa Marsela. Marsela alimweleza kwa chungwa na kiazi. Wiki iliyofuata Edgar alirudi na swali lingine, na lingine, mpaka mlinzi akawa anafungua geti kabla hajapiga honi. Walioana mwaka 2003, na hata baada ya ndoa hakuacha. Akitoka safari, kabla hajavua viatu: "Mama, leo wameniuliza..."

Sasa nyumbani hapakuwa na anayeuliza. Marsela alirudi kazini baada ya wiki mbili. Alisahihisha madaftari, alikula chakula bila kujua kimetiwa chumvi au la. Jumamosi alifua mashati ya Edgar yaliyokuwa safi tayari, akayapiga pasi, akayarudisha kabatini. Walimu wenzake mwanzoni walikuwa wakinyamaza anapoingia ofisini. Baadaye walizoea, wakaanza kucheka tena.

Habari ya sayari iliingia kwa redio ya ofisini, mwishoni mwa Aprili, katikati ya masika. Mtangazaji aliisoma baada ya habari za bunge na kabla ya michezo. Alisema wanaastronomia waliokuwa na darubini kwenye mlima mmoja nchini Chile wamegundua sayari inayozunguka nyota kibete iliyo jirani na jua letu, na kwamba huenda sayari hiyo ina hali ya hewa ambayo maji hayagandi wala hayachemki. Mwalimu Silvanus, mkuu wa shule, aliongeza sauti.

"Umesikia, Madam? Hii si ndiyo mambo yako?"

"Nimesikia," alisema Marsela, akaendelea kuweka alama.

Kesho yake kidato cha tatu hawakumwacha. Aliandika ubaoni wanachotaka kujua, kwa mwandiko wake ulionyooka, na alijisikia anaongea kama anayesoma maelekezo ya dawa. Nyota yenyewe ni ndogo, nyekundu, uzito wake karibu theluthi moja ya jua. Mtu hawezi kuiona kwa macho. Sayari imeisogelea sana, inamaliza mzunguko wake kwa siku kumi na tatu, kwa hiyo mwaka wa huko ni siku kumi na tatu. Nyota ikiwa hafifu, kuisogelea si kuungua. Ni kama watu wanaoota moto mdogo, wanalazimika kubanana. Joto lake wanakisia ni kati ya sifuri na arobaini. "Yaani kutoka baridi ya Nainokanoka mpaka joto la Engaresero," alisema, na darasa likacheka, maana mfano ule ulikuwa wa kwao. Umbali ni miaka ishirini ya nuru na kidogo. Aliwapigisha hesabu: gari linalokwenda kilomita mia kwa saa, bila kusimama, litafika baada ya miaka milioni mia mbili na ishirini.

"Sasa Madam, faida yake nini?" aliuliza msichana mmoja wa mbele.

Zamani swali hilo lingemwasha. Angesahau kengele. Siku ile alilitazama kama kitu kilichoangushwa na mtu mwingine. "Faida ni kujua," alisema, akafuta ubao.

Aliyeshindwa kuiacha habari ile ni mlinzi wa getini, yule yule aliyempa Edgar mwalimu wa sayansi. Jina lake Tajewo, Mmaasai wa Nainokanoka, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu aliyeacha mke, watoto na mama yake juu huko akaja kutafuta mshahara. Tajewo hakuwahi kumpa Marsela pole ya maneno mengi. Siku Marsela aliporudi kutoka Rombo alimpokea begi, akalibeba mpaka mlangoni, akaondoka. Lakini wiki ya pili ya Mei alimsubiri asubuhi na fimbo yake kwapani.

"Mwalimu, nina shida. Ile ardhi mpya, umbali wake ni kweli kama ulivyowaambia watoto?"

"Ni kweli. Kwa nini?"

"Mama yangu amefunga mizigo."

Marsela alisimama. Tajewo akamweleza yote pale getini, wanafunzi wakipita na kumwamkia. Tarehe saba, siku ya mnada, binamu yake aitwaye Lembris alishuka Karatu kuuza mbuzi, akakuta gazeti. Lilikuwa na picha, na juu ya picha maandishi makubwa: YAPATIKANA DUNIA NYINGINE YA KUKALIWA NA WATU. Lembris anasoma Kiswahili kwa kujikongoja, na maandishi hayo alisomewa na mtu pale mnadani. Kwake "ya kukaliwa na watu" ilikuwa na maana moja tu: kuna watu watakaopelekwa wakakae. Na mwaka ule juu ya kreta maneno ya kuhamishwa yalikuwa hayaishi. Leo watu wanasikia watapelekwa kule, kesho wanasikia si kule. Lembris alifika nyumbani na gazeti, akasema, sasa mmeliona wenyewe, mahali pameshapatikana.

"Mama yangu aliwahi kuhamishwa," alisema Tajewo. "Walipotolewa Moru, Serengeti ilipokuwa hifadhi, alikuwa msichana wa kama miaka kumi na minne. Aliwaona wazazi wake wakifunga vibuyu. Sasa amefunga vya kwake. Nyumba inavuja, amekataa kuikandika. Anasema huwezi kuziba nyumba unayoiacha. Watoto wangu wanalowa, Mwalimu, wanakohoa. Nimemwambia kwa simu ya jirani kwamba ni mbali, hasikii. Anasema hata Moru ilikuwa mbali. Twende ukamwambie wewe."

Kwa kawaida angekataa, au angeahidi likizo ya Juni. Lakini kukataa kulihitaji sababu, na sababu ilihitaji mtu aitafute. "Sawa," alisema. "Jumamosi."

Waliondoka na lori la mahindi la mzee mmoja aitwaye Bartolomeo, wamekaa mbele watatu, Marsela katikati. Lami iliishia kwenye lango la hifadhi. Baada ya hapo walipanda ndani ya msitu, tope jekundu, matone makubwa yakidondoka kutoka kwenye miti hata pale mvua ilipokatika. Ukungu uliwakuta juu. Walipofika kwenye kona fulani Bartolomeo alipunguza mwendo, akazima redio, akavua kofia yake ya sufu akaiweka mapajani. Marsela ndiye aliyeuliza.

"Ni hapa?"

"Ni hapa, mwanangu. Edgar nilimfahamu. Alikuwa mtu wa maneno mengi, mzuri."

Lori lilisimama. Marsela alitazama. Palikuwa na majani marefu yaliyolala upande mmoja, vichaka vilivyovunjika ambavyo vilishaanza kuchipua, halafu weupe mtupu mahali ambapo siku ya jua mtu angeiona kreta nzima. Alingoja. Alijiambia, labda ni hapa, labda ndipo itakapokuja. Kilichokuja ni baridi ya miguu, kwa sababu sakafu ya lori ilikuwa na tundu. "Twendeni," alisema.

Boma la kina Tajewo lilikuwa kwenye mteremko, nyumba sita fupi, zizi katikati. Hata asiyejua angeitambua nyumba ya Naeku, mama yake Tajewo, kwa jinsi paa lake lilivyopasuka na kumeguka kwa mvua ilhali za majirani zimekandikwa zikang'aa. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi mlangoni, mwanamke mwembamba wa miaka sitini na kitu. Nyuma yake mizigo miwili ilikuwa imefungwa kwa kamba ya ngozi: vibuyu, ngozi za kulalia, sufuria moja. Wajukuu wawili walikohoa ndani.

"Takwenya," alisema Naeku.

"Iko," aliitikia Marsela, kama Tajewo alivyomfundisha njiani.

Naeku alimtazama kuanzia viatu, akamwambia mwanawe kitu kwa Kimaasai. Tajewo alisita. "Anauliza kama wewe ndiye mtu wa serikali."

"Mwambie mimi ni mwalimu."

"Anasema hata waliowahamisha Moru walitanguliza mtu mpole."

Marsela aliketi kwenye kigoda alichopewa, akaanza kueleza, na Tajewo akatafsiri. Kuhusu umbali, milioni zilimshinda mkalimani. Marsela alibadilisha. Alimwambia Naeku achukue marika yote anayoyajua, lile la watoto wake, la mume wake, la babu yake, mpaka lile la kwanza kabisa linalokumbukwa. Gari likiondoka leo na kukimbia bila kulala, marika yote hayo yatatahiriwa na kuzeeka na kufa, kisha mengine kama hayo, na mengine, mpaka waliomo kwenye gari wasahau walitoka wapi, na bado watakuwa hawajatoka hata kwenye lango la safari yenyewe.

Naeku alisikiliza. Kisha akauliza maswali yake, moja baada ya jingine, kama mtu anayekagua ng'ombe kabla ya kupokea mahari.

Kuna majani? Haijulikani. Kuna maji? Yanawezekana, hakuna aliyeyaona. Kuna usiku?

"Wengine wanafikiri upande mmoja ni mchana siku zote," alisema Marsela, "na upande wa pili ni usiku siku zote."

"Sasa ng'ombe watarudi nyumbani saa ngapi?"

"Sijui, mama."

"Nani amekwenda?"

"Hakuna aliyekwenda."

"Waliiona?"

Hapo Marsela alitafuta maneno. "Hawakuiona. Waliiona nyota yake. Nyota ilikuwa ikiyumba kidogo. Inasogea kuja kwetu, inarudi nyuma, inasogea tena, kila siku kumi na tatu. Wakajua kuna kitu kinaizunguka na kuivuta."

Tajewo alipomaliza kutafsiri, Naeku alinyoosha mkono kuelekea kwenye kigingi kilichokuwa zizini. Alisema ndama akifungwa pale na giza likaingia, humwoni ndama, unaona kigingi kinatikisika. Unajua yupo.

"Ndiyo," alisema Marsela. "Hivyo hivyo."

Pengine mambo yangeishia hapo kwa amani. Lakini Lembris alikuwa amesikia kuna mgeni, akaja. Alikuwa mtu mzima mwenye heshima, koti juu ya shuka, na gazeti lake lilikuwa limekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni ili lisilowe. Alimwamkia Marsela kwa adabu, akalifungua kwa uangalifu na kulishika mbele yake.

"Mwalimu, mimi sibishani na wewe, umesoma. Ila unasema hakuna aliyekwenda. Hii picha nani alipiga?"

Marsela aliitazama. Aliijua picha ile. Shuleni pia ilifika. Jua kubwa jekundu lilikuwa limeinama juu ya upeo, na chini yake dunia ya mawe na bahari iliyotulia, kila wimbi na mwanga wake.

"Hii si picha iliyopigwa. Imechorwa."

"Imechorwa na nani?"

"Na mchoraji. Alikaa mezani akachora."

"Kwa kuangalia nini?"

"Kwa kuangalia hakuna! Kwa kuangalia mawazo yake!" Marsela alikuwa amesimama. "Huyu mtu hakuona mlima, hakuona bahari, hajui kama kuna bahari! Hajui kama kuna jiwe! Wao wenyewe walichokipata ni namba. Namba tupu, kwenye karatasi, nyota inakwenda, nyota inarudi. Basi! Halafu mtu anakuja anachora bahari na mawimbi yake, na hapa chini wanaandika kwa herufi ndogo ambazo hakuna anayezisoma, na watoto wananyeshewa! Wangesema tu hatujui! Kuna ubaya gani mtu kusema sijui?"

Alilichukua gazeti mikononi mwa Lembris, akalisogeza karibu na macho, akaisoma kwa sauti ile mistari midogo iliyo chini ya picha: mchoro wa kufikirika. Alirudia mara mbili. Alipojisikia anavyopumua alishtuka mwenyewe. Mbuzi mmoja alikuwa amesimama akimtazama. Tajewo alikuwa ameangalia chini. Lembris alichukua gazeti lake taratibu, akalikunja.

"Kumbe imechorwa," alisema. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu. "Nisamehe, Mwalimu. Huyo aliyenisomea mnadani hakufika huko chini."

Naeku alitaka kujua wanagombania nini. Alipotafsiriwa, aliuliza swali la mwisho: hao Wazungu wenyewe, wana lori la kufika huko?

"Hawana," alisema Marsela. "Hakuna mwenye lori hilo."

"Basi hatuhamishwi na hawa," alisema Naeku. "Tutahamishwa na wengine, lakini si hawa, na si masika haya." Akainuka, akachukua karai, akaenda zizini.

Tajewo alifumba macho kwa sekunde moja. Mkewe alitoka nyumba ya pili bila kuitwa, akafuata na ndoo ya maji. Marsela naye alikunja mikono ya sweta yake akaenda, kwa sababu kwao Kansay pia walikandika, na kukaa kwenye kigoda kuwatazama wanawake wakifanya kazi hakukuwa na adabu. Samadi ilikuwa ya asubuhi ile, bado ina moto. Walichanganya na majivu, wakapandisha paani, wakaziba. Naeku alimsahihisha mara mbili: bonyeza kwa kiganja, si kwa vidole. Hawakuongea lugha moja na hapakuwa na haja. Walipomaliza upande wa mashariki, Naeku alifungua mzigo mmoja, akatoa kibuyu, akampa maziwa. Yalikuwa na ladha ya moshi. Marsela aliyanywa yote, na alipoulizwa kama aongezewe alikubali.

Mzigo wa pili haukufunguliwa. Tajewo aliuona, Marsela pia.

Lori la Bartolomeo lilipita kuwachukua saa tisa alasiri. Ukungu ulikuwa umeinuka. Marsela alikuwa bado hajapoa. Njia nzima alimweleza Tajewo habari ya magazeti, na namna ambavyo angeliandika kichwa cha habari ile yeye, na kwa nini neno moja, huenda, likiondolewa linaharibu kila kitu. Tajewo aliitikia. Bartolomeo alicheka mara moja. Waliteremka msituni, nyani wakakimbia barabarani, wakalifikia lango, na askari alipokuja na daftari kuandika namba ya lori, Marsela alinyamaza katikati ya sentensi.

"Tumepita," alisema.

"Tumepita nini?" aliuliza Tajewo.

"Pale. Kwenye kona. Mbona hamkusimama?"

"Nilipunguza mwendo," alisema Bartolomeo. "Ulikuwa unaongea, mwanangu. Niliona nisikukatize."

Kitu kilimchoma Marsela chini ya mbavu, upande wa kushoto, kwa ncha kali kabisa. Alikuwa amempita Edgar. Alikuwa amempita huku akipiga domo juu ya magazeti, kama mtu anayempita mumewe sokoni bila kumwona. Alijiinamia juu ya mapaja, akashika kichwa. Tajewo alidhani anatapika, akafungua mlango. Hakutapika wala kulia. Alikaa hivyo mpaka askari akarudisha karatasi zao, mpaka lami ikaanza, na maumivu yale yalikuwa makali kiasi kwamba aliogopa kupumua, na wakati huo huo aliogopa yasiondoke.

Yaliondoka. Walipofika njia panda ya shuleni ganzi ilikuwa imesharudi mahali pake, mwili mzima. Alimshukuru Bartolomeo, akaingia ndani, akanawa.

Baada ya hapo maisha ya Marsela hayakubadilika kwa namna ambayo jirani angeiona. Aliendelea kufundisha. Mara moja moja, bila taarifa, jambo la kipuuzi lilimchoma pale pale chini ya mbavu: dereva anayefuta vioo vya gari, chungwa lililomenywa nusu. Kisha kimya tena, siku tisa, kumi. Likizo ya Juni alikwenda Rombo kusafisha kaburi. Verediana alimpokea kwa ubaridi, wakafyeka majani pamoja asubuhi nzima, na wakati wa chakula mama mkwe alimwongezea ndizi bila kumwuliza. Hawakulizungumza lile neno la msibani.

Kabla mwaka haujaisha, wanaastronomia wengine walipiga upya hesabu za sayari ile. Walisema huenda hewa yake inabana joto kuliko ilivyodhaniwa, na kwamba pengine ni tanuri tu, maji hayakai. Labda jirani yake wa pili, aliye mbali zaidi na ile nyota, ndiye mwenye nafasi. Marsela aliisoma habari hiyo kwenye kompyuta ya duka moja la intaneti mjini, akaiandika kwenye karatasi. Kesho yake aliwaambia kidato cha tatu wafungue madaftari ya Aprili na wakate mstari kwenye neno "sifuri mpaka arobaini." Walinung'unika, walikuwa wamelikariri. "Andikeni: bado haijulikani," alisema. "Na mlipigie mstari." Jioni alimweleza Tajewo getini. Tajewo alifikiri, akasema atampelekea mama yake salamu hizo, ila si haraka, asije akaanza kuwaonea huruma waliotaka kwenda.

Desemba shule ilipofungwa, Marsela alipanda basi la Kansay. Mama yake alikuwa nje anapukuchua mbaazi, akamsogezea ungo bila kuinuka. Walipukuchua mpaka jua likawa kali, mama akisimulia harusi ambayo Marsela hakuhudhuria, nani alivaa nini, nani alikosa kiti. Katikati ya simulizi Marsela alijilaza juu ya gunia tupu, kichwa kwenye mkono, akasema anapumzika kidogo. Alilala mpaka saa kumi. Mama yake alihamisha kivuli mara mbili kwa kutundika kanga kwenye kamba, na Marsela alipoamka alimwuliza atakaa mpaka lini.

"Mpaka shule ifunguliwe," alisema Marsela. Akakaa sawa, akakung'uta makapi kwenye nywele, akauliza kama kuna chakula.